Goti la Mreno

Evere, tarehe 8 Oktoba 2023

Tonton Kyungu,

Jambo sana, na salamu nyingi kwa Maman Victorine. Siye huku tuko wazima. Noé ametimiza miaka mitatu, ameanza maternelle, na mwalimu wake anasema anaumaka batoto benzake, lakini paka wale anaopenda. Bwana yangu Cédric anawasalimia. Baridi imeanza, bon, tumezoea. Dawa ya sukari ya Maman Victorine, Arnaud, mwenye anakuja huko, ameibeba pamoja na barua hii.

Unajua kwa nini nakuandikia kwa karatasi. Kwa telefone Maman Victorine anawekaka haut-parleur, na mambo yetu inasikika mpaka kwa fundi viatu. Hili ni neno la siye wawili.

Donc, sikia. Kazi yangu ingali ile ya kuangalia wazee, mu maison de repos ya Uccle. Mwezi uliopita wameniletea mama mmoja wa Portugal. Ana miaka themanini na nne, mwembamba kama ufagio na mkali kama pilipili. Kila asubuhi njo mimi namuogesha. Kwenye ukuta wake kuna picha moja tu: kijana amevaa jezi, mpira uko kwenye mguu. Nikauliza ni nani. Akasema: «Mwanangu. Adérito Valadim.»

Tonton, karibu niangushe beseni. Valadim yako. Yule mwenye umetuelezea tangu niko mutoto: namna ulikuja Bruxelles kwa stage, mafunzo ya walimu, na siku moja ya Mungu ukacheza mechi ya paroisse, ya parokia, hapa hapa Evere, na ukamupitishia yeye, muchezaji wa timu ya taifa, mpira katikati ya miguu. Petit pont. Njo maana mtaani wanakuitaka Papa Pont.

Akipata nafasi anakujaka kumuona mama yake. Nataka nimusalimie kwa jina lako. Niandikie vizuri: ilikuwa mwaka gani, uwanja gani, na alisema nini kisha mpira kupita. Wenzangu wa kazi nimeshawaambia wote.

Mpwa wako,
Larissa


Lubumbashi, tarehe 19 Novemba 2023

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako imenifikia baada ya siku arobaini, kwa kuwa Arnaud alipitia kwanza Kolwezi kuona mchumba. Dawa imefika salama, na Maman Victorine anashukuru mno. Mvua zimeanza, mahindi yameota, na paa la jikoni linavuja mahali palepale pa mwaka jana.

Kabla ya mengine, mimi bado ni mwalimu hata kama serikali imenistaafisha. Umeandika «paka wale anaopenda». Paka ni mnyama anywaye maziwa. Sema «wale anaowapenda tu».

Kuhusu yule bwana. Kwa kuwa wewe si mtu wa mpira, nikueleze unamwogesha mama wa nani. Adérito Valadim alizaliwa katika kijiji cha milimani nchini Ureno. Mama yake alikwenda Brussels kusafisha ofisi, akamwita mtoto alipotimiza miaka tisa. Akakulia huko Evere mnakokaa ninyi, akarudi Ureno akiwa na miaka kumi na sita kuchezea klabu ya daraja la pili, akapanda. Alikuwa kiungo. Kiungo, Larissa, ni yule ambaye watazamaji hawamwoni na wenzake hawawezi kucheza bila yeye. Hakuwa na mbio. Alijua mpira utakakokwenda kabla mpira wenyewe haujajua. Aliitwa timu ya taifa mara kumi na moja, kisha akarudi Brussels kuchezea klabu ya huko. Aliacha kucheza mwaka 2003. Akawa kocha, kwanza wa watoto, halafu wa timu ya taifa ya nchi moja ya milima kule Asia, ambayo ilikuwa haijafunga goli kwa miaka mitatu. Walipofunga la kwanza serikali ilitoa siku ya mapumziko, ingawa siku hiyo walikuwa wamefungwa manne. Sasa ana timu ya taifa ya visiwa fulani, na wakubwa wanaiogopa.

Nakuomba usimtajie jina langu. Watu wakubwa hawapendi kukumbushwa mambo madogo. Na kuhusu siku yenyewe sina la kuongeza, maana macho yananiuma nikiandika kwa muda mrefu.

Mchwa wamekula mlango wa choo. Nilidhani ni wale wadogo wa kawaida, kumbe ni wale wenye vichwa vyekundu, ambao huanza kwa kula ubao penye bawaba hadi ilegee, halafu wanapanda juu, na ukigonga ubao unasikia sauti kama ya kibuyu kitupu. Fundi alisema tuweke mafuta machafu ya gari. Tumeweka. Wanayanywa.

Mjomba wako,
Kyungu


Evere, tarehe 2 Januari 2024

Tonton,

Heri ya mwaka mupya. Mungu awalinde, na mchwa wapate mlango mwingine. Noé amekuwa kondoo kwenye mchezo wa Noeli wa masomo, akamuuma mchungaji. Arnaud amenipa barua yako na ile sombe ya kukausha, majani ya muhogo ya kwetu, aksanti sana.

Sasa nisamehe. Nimetaja jina lako.

Ilikuwa mbele ya Noeli. Valadim alikuja na keki za kwao, mwanaume mrefu, mvi nzuri, adabu nyingi. Alikuwa anamukata mama yake makucha ya miguu, amekaa chini kwenye sakafu, mguu mumoja umekunjwa na mwingine umenyooka kama ubao. Nikamuambia: Monsieur, tonton yangu alishacheza na weye, hapa Evere, zamani. Akatabasamu kidogo, kama muntu mwenye kusikia hivyo kila siku. Nikaongeza: mwalimu mumoja wa Lubumbashi.

Tabasamu ikakufa. Akaniuliza: «Mwenye viatu vya njano?»

Nikasema mambo ya viatu sijui. Akapandisha suruali mpaka juu ya goti. Tonton, ile goti haina sura ya goti tena. Kovu inatoka hapa inafika pale, kama njia ya treni. Akashusha suruali, akaendelea na makucha. Mama yake njo alisema, kwa kireno, muda mrefu, na sikuhitaji mkalimani.

Tangu siku ile hataki nimuguse. Amemuambia directrice, mukubwa wetu wa kazi, hataki mikono ya ile familia. Anapigaka kengele mara kumi na saba kwa siku. Nikifika anasema alikuwa anajaribu kama inalia. Directrice ameniita ofisini kuniuliza nimemufanyia bibi nini. Na wenzangu, wale niliwaambia mambo ya petit pont, sasa wananiangalia kwa pembeni.

Nimesoma tena barua yako. Umeandika maisha yote ya ule muntu, mpaka na ile siku ya mapumziko ya Asia. Lakini 2003, mwaka aliacha kucheza, umeipa mstari mumoja. Tonton, nini ilifanyika?

Larissa


Lubumbashi, tarehe 10 Machi 2024

Larissa,

Sote ni wazima. Umeme hakuna tangu wiki iliyopita. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya msiba wa jirani, na baada ya msiba nilikuwa na mafua.

Uwanja ulikuwa na maji. Refa alikuwa padre, na miwani yake ilikuwa na ukungu. Niligusa mpira kwanza. Katika mpira watu huumia. Ndiyo maana hospitali zipo.

Andika «goti lile halina», si «ile goti haina».

Kyungu

Nimesahau: redio inasema timu yake ya visiwa itakuja hapa Lubumbashi mwezi wa Juni kucheza na timu yetu mechi ya kirafiki. Wiki hiyo nafikiri nitakuwa Likasi kumwona dada yangu. Je, alisema kitu chochote juu yangu? Maman Victorine hajui jambo hili na hana haja ya kujua.


Evere, tarehe 14 Aprili 2024

Tonton Kyungu,

Natumaini mafua imepona. Siye tuko wazima. Noé anakusalimia, nimemuambia tonton wa Lubumbashi ni mwalimu mukubwa, na nitaendelea kumuambia hivyo. Lakini leo nakuambia ukweli.

Valadim amenisemesha. Nilikuwa nangoja bisi, mvua inanyesha, akasimamisha gari akanipeleka mpaka Evere. Mu njia alinieleza. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Klabu ilimukataza kucheza mechi za ovyo, lakini paroisse ile njo ilimufundisha mpira, akaona aibu kukataa. Madaktari walimufungua goti mara tatu. Alilala miezi minne kwenye kitanda kwa mama yake, akiangalia mechi kwa televisheni bila sauti, na kuandika mu daftari nani anasimama wapi. Kisha alitembea na fimbo mpaka Auderghem kufundisha batoto ambao wazazi wao walikuwa wanamuonea huruma. Njo vile alianza kuwa kocha.

Nikasema, kwa ujinga wangu: basi pengine ilikuwa mpango wa Mungu. Alisimamisha gari kwenye taa nyekundu, akaniangalia. Alisema: «Usimwambie mjomba wako kwamba alinisaidia. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili mizuri, na ilikuwa yangu.»

Kisha aliniuliza jambo moja, kama ulikusudia. Nikamujibu sijui. Na ni kweli, sijui.

Mama yake naye amesema, kupitia kwa mfanyakazi mwenzangu mwenye anajua kireno, maana mambo ya roho anasemaka kwa luga yake tu. Hasira yake si ya goti. Anasema batu wanavunjanaka miguu, hata ndugu na ndugu. Wiki ile yote alikaa hospitali. Padre alikuja, timu yote ya paroisse ilikuja, hata mwenye kuuza soseji uwanjani alikuja. Mwenye viatu vya njano hakukuja kuuliza hali. Miaka ishirini na moja anamungoja aulize.

Tonton, mimi nimekulia kwa mikono yako. Namna ya kusoma, weye. Namna ya kuomba musamaha, weye pia. Ulinipeleka kwa sikio mpaka kwa mwenye kioo nilichovunja. Likasi iko karibu sana ukitaka kukimbia muntu mwenye anatoka Ulaya.

Larissa


Lubumbashi, tarehe 12 Mei 2024

Larissa,

Salamu zitangoja.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na sisi walimu tulicheza dhidi ya timu ya parokia. Viatu vilikuwa vya paroko, vya njano, vikubwa kuliko mguu wangu, nilijaza magazeti. Dakika ya kumi hivi Valadim alinipitishia mpira katikati ya miguu. Watu wakacheka, nami nikacheka. Baada ya muda akarudia, upande uleule. Safari hii walicheka walimu wenzangu tuliokuja nao, na mmoja wao akaniita jina ambalo nimelibeba hadi leo. Naam, Pont. Jina lilitoka huko. Mimi nililigeuza tu njiani, ndani ya ndege.

Kipindi cha pili nilimfuata. Mpira ulikuwa umeshatoka mguuni mwake. Niliuona ukienda zake. Sikuufuata. Ameuliza kama nilikusudia. Nilikusudia kumwangusha, sikukusudia goti. Lakini goti halijui tofauti hiyo. Nilisikia sauti ya goti, na nikajua kabla yeye hajapiga kelele.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali na mfuko wa machungwa. Mlango wa chumba ulikuwa na kioo. Nikamwona mama yake anamlisha supu kwa kijiko, mwanaume mzima, naye anafungua mdomo huku anatazama ukutani. Kisha nikampa muuguzi machungwa bila kutaja jina, nikashuka ngazi kama mwizi. Kesho yake ilikuwa siku ya kurudi.

Nilipofika nyumbani Maman Victorine aliniuliza kama ni kweli nilicheza na yule mtu wa televisheni. Nikasema ni kweli. Akauliza ilikuwaje. Wewe ulikuwa na miaka kumi, umekaa kwenye mkeka karibu na mlango, umeacha kula ili usikie. Ungekuwa mahali pangu ungesema nini? Hapana, usijibu. Ungesema kweli.

Ndani ya bahasha hii kuna barua nyingine, ya Kifaransa, kwa mama yake. Haina uwanja wenye maji wala padre mwenye miwani. Msomee.

Likasi siendi.

Kyungu

Salamu kwa Noé na Cédric.


Evere, tarehe 30 Mei 2024

Tonton wangu,

Jambo, na jambo tena. Barua yako imekuja haraka, masista waliokuja kwa mkutano njo waliibeba. Tuko wazima wote. Noé ameacha kuuma, sasa anatemaka mate.

Nimemusomea Madame Valadim. Nilisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kwa sababu hakunikaribisha. Aliniamuru nisome mara mbili: mara ya kwanza ya kusikia, na mara ya pili, alisema, ya kutafuta uongo. Nikasoma mara mbili. Kisha aliuliza: «Machungwa ilikuwa yake?» Nikasema ndiyo. Akasema ilikuwa makali sana. Walifikiri klabu njo imetuma, na miaka yote hii amewachukia ba klabu kwa sababu ya machungwa ile.

Tonton, alianza kucheka, na mimi nikaanza, na directrice akaja kuangalia ni kelele ya nini.

Amenirudisha, lakini kwa miguu tu. Kuanzia magoti kwenda juu anaogeshwa na mwenzangu. Anasema tutaona.

Na amekutumia maneno haya, nimeyaandika kama alivyosema. Kwanza umuambie muke wako. Kisha umuambie mwanawe, kwa kinywa chako na kwa miguu yako mwenyewe. Karatasi ni ya kuanzia tu. Amesema pia uvae kofia, jua la kwenu ni kali, na mwanawe anapendaka kungojesha batu.

Larissa


Lubumbashi, tarehe 18 Juni 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Tunamshukuru Mungu, tu wazima, na hali ya hewa imekuwa ya baridi. Mlango mpya wa choo tumeweka wa bati. Nina mengi, kaa chini.

Nilianza na Maman Victorine, kama nilivyoagizwa. Alikuwa anachambua maharage, nami nikasimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Nikamweleza yote, viatu, kicheko, goti, machungwa. Hakuacha kuchambua. Alipotupa kokoto la mwisho alisema: «Nimekaa nawe miaka thelathini na tano. Sijakuona ukipitisha mpira hata kati ya miti miwili. Nilikuwa nangoja tu siku utakayochoka.» Kisha akaenda kuvaa kitenge chake cha kanisani, akasema tunakwenda wote.

Timu ya visiwa ilikuwa inafanya mazoezi asubuhi ya Alhamisi, watu wanaruhusiwa kukaa jukwaani. Nilimwambia mlinzi kwamba nimetumwa na mama yake kocha. Kwa kuwa ilikuwa kweli, hakuniamini. Maman Victorine alimsogelea akamnong'oneza kitu ambacho mpaka leo hajanieleza, na mlango ukafunguliwa.

Valadim alikuja akishuka ngazi moja moja. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya Kifaransa, yenye utangulizi. Ilinitoka kichwani yote. Nikasema: «Mimi ndiye mwenye viatu vya njano. Nilikusudia kukuangusha.»

«Najua,» akasema. «Nilikuona ukija.»

Nikamwambia naomba msamaha, na kwamba nilifika mpaka mlangoni pa hospitali nikarudi. Akasema msamaha si kazi ya asubuhi ile, kwa sababu alikuwa na timu ya kuandaa; lakini mipira inapotea nyuma ya goli la kaskazini, na hana mtu wa kuirudisha.

Larissa, mjomba wako, mwalimu mkuu mstaafu, miaka sitini, nimeokota mipira saa mbili nzima. Jukwaani walikuwapo wanakwaya wa kanisa letu, fundi viatu na nusu ya wazazi niliowafundishia watoto. Wengine waliuliza kwa sauti kwa nini Papa Pont amekuwa mwokota mipira. Maman Victorine aliwajibu. Aliwaeleza hadithi yote tangu mwanzo, kwa utulivu, akisimama kila mahali penye kuchekesha. Sikuwa na la kufanya ila kukimbilia mpira mwingine.

Walipopumzika, Valadim aliniletea maji, akakaa kwenye nyasi kando yangu, mguu umenyooka. Halafu tukaanza kuzungumza mpira, kama watu wawili tu waliozeeka nao. Hapo ndipo lilipotokea lililonifanya nikuandikie kwa karatasi.

Nilimwambia, kwa kujivuna tu, kwamba golikipa wetu wa taifa nilimfundisha darasa la nne. Akasema: «Kweli? Alikuwa mtoto wa namna gani?» Nilikwambia kiungo ni mtu gani. Anakufungulia nafasi, unaingia mwenyewe, unadhani ni akili yako. Nikasema alikuwa mtoto mwema sana, ila mwenye haraka. Ukimwuliza swali anajibu kabla hujamaliza. Na hata leo, nikasema, kwenye mpira wa adhabu anapiga hatua moja kulia kabla mpigaji hajaugusa. Valadim hakuandika kitu. Alinishika bega ili ainuke, na mkono ukabaki begani kidogo zaidi ya haja ya kuinuka.

Jumamosi uwanja ulijaa. Dakika ya themanini na tatu bado hakuna goli, wakapata mpira wa adhabu. Nilimwona mchezaji wao akimtazama Valadim, na Valadim akijikuna sikio la kushoto. Nikafumba macho. Nilijua kwa kimya cha maelfu ya watu. Golikipa wetu alikwenda kulia, mpira ukaingia kushoto taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa. Wakashinda moja kwa bila.

Baada ya mechi Valadim alipita mbele ya jukwaa letu. Hakunipungia mkono. Aliinamisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeandikiwa barua akaipata. Nadhani ni msamaha. Kama si msamaha, basi sina kingine cha kumpa, maana nchi yangu nimeshaitoa.

Maman Victorine anajua habari ya goti. Hii ya hatua ya kulia haijui, wala Arnaud, wala mtu yeyote chini ya jua la Katanga. Ukishasoma, chana barua hii vipande vidogo. Mama yake kocha unaweza kumwambia, kwa sharti la kumtazama usoni unapomwambia, ili unieleze alivyocheka.

Mji mzima umenuna. Jana wanakwaya walikuja nyumbani kunipa pole, kwa kuwa wanajua ninavyompenda yule golikipa. Nikawapokea, Victorine akatia chai, tukakaa kimya pamoja kama msibani. Mmoja wao akasema hapana shaka yule Mreno ana mchawi wake hapa hapa mjini.

Nikamwongezea sukari.

Mjomba wako,
Kyungu